Matayarisho ya Safari ya Elimu: Wanafunzi wa Kenya Waliokwenda Marekani, 1959–1963

Mwezi wa Septemba 1959 ndege moja iliyokodiwa iliwafikisha New York wanafunzi 81 waliotoka Kenya. Wengine waliwafuata katika miaka iliyokuja baadaye, hata ilipofika mwaka 1963 jumla yao ilikuwa imekaribia 800. Habari za ndege zile zimesimuliwa mara nyingi, na wanaotajwa zaidi katika masimulizi hayo ni watu mashuhuri: Tom Mboya aliyeiombea safari, wasanii na wachezaji wa Marekani walioichangia, na John F. Kennedy ambaye jamaa zake walitoa fedha za safari ya mwaka wa pili. Hayo ni kweli. Walakini ndege ile ilikuwa mwisho wa kazi ndefu. Kabla mwanafunzi hajaufikia uwanja wa ndege wa Nairobi ilimpasa apite milango minne, nayo ni mtihani, barua ya chuo, fedha, na hati za serikali. Insha hii yaeleza jinsi milango hiyo ilivyofunguliwa, na ni akina nani waliosaidia kuifungua. Maana katika mlango hata mmoja mwanafunzi hakusimama peke yake, na deni alilolichukua hapo ndilo lililoipa safari yake uzito.

Mlango wa mtihani

Katika Kenya ya miaka ya 1950 watoto wa Kizungu, wa Kiasia na wa Kiafrika walisoma mbalimbali, na njia ya Waafrika ndiyo iliyokuwa nyembamba kupita zote. Kwa mpango uliotokana na taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne ya shule ya msingi, kisha minne ya shule ya kati, kisha minne ya sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani. Mwisho wa darasa la nane palikuwa na mwingine. Na mwisho wa kidato cha nne ulikuwapo ule wa Cambridge. Kila mtihani ulikuwa kama chekecheke. Waliopita walikuwa wachache, na waliosalia walirudi mashambani au walikwenda mijini kutafuta kazi.

Shule za sekondari zenyewe hazikuwa nyingi. Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ndiyo iliyotangulia, nazo Mang'u, Maseno, Yala na nyinginezo zilishika nafasi zao pole pole. Kwa wasichana mambo yalikuwa mazito zaidi. Shule yao ya sekondari ya Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1948, yaani miaka 22 baada ya ile ya wavulana, na msichana aliyemaliza masomo zama zile alitazamiwa awe mwalimu au muuguzi, wala hakutazamiwa kupita hapo.

Aliyekipata cheti cha Cambridge alikuta njia imezidi kubana. Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kilipokea wanafunzi wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja pamoja, na nafasi zake hazikutosha. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 tu, na chuo kikuu cha Dar es Salaam hakikufunguliwa hata Oktoba 1961. Basi kijana aliyekuwa na cheti safi mkononi aliweza kukosa mahali pa kwenda, si kwa upungufu wa akili yake, bali kwa uchache wa viti.

Walikuwapo waliotangulia kwenda ng'ambo, na mifano yao ilijulikana. Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange wa Kiambu, aliondoka mwaka 1927 kwenda Hampton katika jimbo la Virginia, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia, asirudi mpaka mwaka 1938. Mwaka uliofuata alikuwa akiongoza chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Katika Tanganyika, Julius Nyerere alimaliza Makerere mwaka 1945, akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa msaada wa serikali; alirudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Njia hizi mbili zilikuwa wazi kwa mtu mmoja mmoja. Ya kwanza ilimtaka mwenda awe na mzazi mwenye uwezo. Ya pili ilimtaka angoje mpaka serikali imchague. Swali la mwaka 1959 lilikuwa tofauti. Uhuru ulikuwa ukikaribia, na nchi ilihitaji mamia ya watu wenye elimu kwa muda mfupi. Je, vijana waliotoka kidato cha nne wangewezaje kupelekwa kwa wingi?

Mlango wa barua

Mboya, ambaye mwenyewe alisoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 na 1956, aliizuru Marekani mwaka 1956 na tena mwaka 1959. Huko aliwaomba wakuu wa vyuo wawape vijana wa Kenya nafasi na kuwasamehe ada. Waliomsaidia Nairobi katika kuwachagua wanafunzi ni Gikonyo Kiano, aliyepata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha California mwaka 1956, na Kariuki Njiiri, aliyekuwa amesoma Lincoln, Pennsylvania. Watu hawa walikuwa wameyaona yale waliyoyasimulia, na hivyo kijana aliyetaka shauri alipata kujua kwa yakini chuo cha Marekani kilivyo, mwaka wa masomo unavyoanza, na mwanafunzi anavyoweza kufanya kazi wakati wa likizo.

Walakini si kila mtu aliyengoja kuchaguliwa. Wengi walijitafutia chuo wenyewe kwa kalamu. Aliyefika Nairobi aliweza kwenda katika maktaba ya Wamarekani, akaandika anwani za vyuo, kisha akarudi nyumbani kutunga barua. Barua yenyewe ilikuwa mtihani mwingine usiofundishwa darasani. Mwombaji alitakiwa aeleze habari zake, masomo aliyofaulu, na kazi aliyokusudia kuifanya arudipo. Apate sifa kutoka kwa mwalimu mkuu wake. Tena aonyeshe gharama zake zitatoka wapi. Kijana aliyelelewa kuona kujisifu ni utovu wa adabu ilimpasa ajifunze kujieleza mbele ya mgeni asiyemjua, bila ya kujikweza na bila ya kujidunisha. Baada ya hapo alingoja majuma mengi, na jibu moja jema liliweza kuja nyuma ya majibu mengi ya kukataliwa.

Mfano unaojulikana ni wa Barack Obama wa Alego, baba wa yule aliyekuwa rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hata 2017. Alisoma Maseno lakini hakumaliza masomo yake pale. Akiwa karani Nairobi alisoma kwa njia ya posta, na Elizabeth Mooney, mwalimu wa Kimarekani aliyekuja Kenya kwa ajili ya elimu ya watu wazima, alimsaidia kujitayarisha. Aliandikia vyuo vingi, na mwaka 1959 akakubaliwa Hawaii. Hakuwamo katika ndege ya wale 81. Nauli yake aliipata kwa wafadhili waliomjua. Habari yake yaonyesha kwamba kulikuwa na kundi la pili la watu ambao chekecheke ya mitihani iliwatupa nje, nao wakarudi kwa mlango wa barua.

Mlango wa fedha

Chuo kiliweza kumsamehe mwanafunzi ada, na pengine kumpa chumba na chakula, lakini nauli hakikumpa. Nauli ya ndege kutoka Nairobi mpaka New York ilikuwa mlima kwa mkulima mwenye mibuni michache au kwa karani wa mshahara mdogo. Hapo ndipo jamii ilipoingia.

Njia iliyotumika sana ni karamu ya chai. Jamaa za mwanafunzi walitoa habari, na siku ilipofika watu walikusanyika nyumbani kwao au katika jengo la shule. Paliimbwa, pakachezwa ngoma, wazee wakatoa maneno ya wasia, na kila mtu akaweka alichonacho. Pengine kuku aliyeletwa na bibi kizee alinadiwa mara mbili au tatu, maana aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena. Haba na haba hujaza kibaba. Makanisa na mabaraza ya wilaya yalisaidia pia, na zilikuwapo jamaa zilizouza ng'ombe au kipande cha shamba. Yote haya yalitendeka kabla Jomo Kenyatta hajalifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Jambo lenyewe lilikuwapo likingoja jina.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo lilipozaliwa deni. Mjane aliyetoa shilingi moja hakumwandikia mwanafunzi hati yoyote, wala hakutazamia kurudishiwa shilingi yake. Alichokitazamia ni kwamba mtoto huyu atakaporudi, watoto wengine watapata mwalimu, wagonjwa watapata mganga, na wenye mashauri watapata wakili. Mwanafunzi aliondoka akijua majina ya waliomchangia. Aliposhindwa na somo, au aliposhikwa na upweke, hakuweza kusema kwamba kushindwa kwake ni shauri lake mwenyewe. Wako waliopata nguvu kwa kuwakumbuka watu wale. Na bila shaka wako walioona mzigo huo ni mzito kupita mabega yao.

Mlango wa hati na ndege yenyewe

Aliyekwisha kupata chuo na fedha alikuwa bado hajapata ruhusa. Ilimpasa awe na paspoti kutoka kwa serikali ya kikoloni, viza kutoka kwa ubalozi mdogo wa Marekani, na hati za daktari, pamoja na ile ya chanjo ya ndui. Na miaka yenyewe ilikuwa ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa na vizuizi vya pekee katika kutembea, na kijana ambaye jamaa yake alikuwa amewekwa kizuizini alijua kwamba jina la ukoo wake laweza kumfungia njia.

Serikali haikuipenda safari hii. Wakuu wake walisema kwamba wanafunzi hawajawa tayari, kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani havina kiwango cha vyuo vya Uingereza, na kwamba ni bora kijana asome kwanza Makerere. Mboya na wenziwe walijibu kwamba Makerere haina nafasi za kutosha, na kwamba nchi haiwezi kuuahirisha uhuru wake kwa kungoja viti vya darasa.

Wakati huo wengi wa waliokubaliwa katika vyuo walikuwa hawana nauli kamili. Mboya na rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara wa Kimarekani, waliona kwamba kukodi ndege nzima ni rahisi kuliko kumnunulia kila mtu tikiti yake. Chama cha kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika kiliundwa Marekani, na barua ya kuomba michango ikatolewa kwa majina ya Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte na Sidney Poitier, wasanii. Ndivyo ilivyopatikana ndege ya Septemba 1959.

Mwaka 1960 idadi ya waliokubaliwa ilizidi sana, nao hawakutoka Kenya tu, bali na nchi nyingine za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Serikali ya Marekani ilipoombwa nauli ilikataa kwanza. Mwezi wa Julai Mboya alikwenda Hyannis Port kuonana na Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa hisani wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Baadaye serikali nayo ikasema iko tayari kutoa, na jambo hili likawa ugomvi wa kampeni kati ya watu wa Kennedy na watu wa Nixon. Karibu wanafunzi 300 walisafiri mwaka huo, wengi wao wasijue kwamba nauli zao zilikuwa zimeingia katika siasa za nchi waendayo.

Yale yasiyotayarishwa

Milango minne ilipokwisha kufunguka, mambo matatu yalibaki ambayo matayarisho hayakuyafikia vizuri.

La kwanza ni baridi. Mwanafunzi aliambiwa achukue koti zito, lakini aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya au kando ya Ziwa Victoria hakuweza kuikisia theluji kwa maneno.

La pili ni ubaguzi wa rangi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeharamisha utengano katika shule za serikali mwaka 1954, lakini mwezi wa Februari 1960 wanafunzi weusi wa Greensboro walikuwa bado wakikaa kwa ukaidi katika meza za mkahawa ambao haukutaka kuwapa chakula. Kijana wa Kenya, aliyekimbia shule zilizogawanywa kwa rangi, alikuta mgawanyo uo huo katika nchi aliyoitazamia kuwa ya ukombozi. Wengi walipata huko elimu ambayo haikuandikwa katika orodha ya masomo yao, nayo ni kwamba shida ya Mwafrika nyumbani na ya Mmarekani mweusi zina asili moja.

La tatu, na kubwa zaidi, ni riziki ya kila siku. Karamu ya chai ilitoa nauli; haikuweza kutoa chakula cha miaka minne. Wapo waliofika na fedha kidogo mno, wakaosha vyombo, wakafagia majengo, na kukata majani ya nyua za watu ili waweze kusoma. Kwa hili lawama za wapinzani zilikuwa na ukweli ndani yake, na kuzikataa zote kwa kuwa zilitoka kwa wakoloni si haki ya historia.

Yafaa hapa kutaja njia nyingine za zama zile. Wako waliokwenda India kwa msaada wa serikali ya India. Wako wa Unguja na wa bara waliokwenda Cairo. Na wako waliosaidiwa na Oginga Odinga kwenda nchi za Ulaya ya Mashariki, hasa baada ya Moscow kufungua chuo kikuu chake cha urafiki wa mataifa mwaka 1960. Aliyekwenda Marekani alikuwa amesoma kwa Kiingereza, naye aliingia darasani mara moja. Aliyekwenda Moscow alianza kwa kujifunza Kirusi, na matayarisho yake halisi yakafanyika huko huko ugenini.

Mfano wa msichana mmoja

Mambo haya yote yaonekana katika maisha ya Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na aliyeuliza kwa nini Wangari naye hasomi ni kaka yake. Mama yao akakubali. Alisoma kwa masista wa Mathari, kisha Loreto, Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Kwa kuwa shule yake ilikuwa ya Kikatoliki, viongozi wa kanisa walimtafutia nafasi katika chuo cha masista cha Atchison, Kansas, na mwezi wa Septemba 1960 akasafiri katika ndege za mwaka wa pili. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964 na ya pili Pittsburgh mwaka 1966, akarudi nyumbani, na mwaka 1971 akapewa Nairobi shahada ya udaktari, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia humkumbuka kwa tuzo hiyo. Lakini mwanzo wa yote ni swali la kaka na kukubali kwa mama, ambaye angeweza kusema kwamba mikono ya binti yake yahitajiwa shambani.

Deni na malipo yake

Wanafunzi waliporudi walikuta nchi huru tangu tarehe 12 Desemba 1963. Walishika nafasi katika ofisi za serikali, katika shule, katika hospitali, na katika chuo kikuu cha Nairobi chenyewe, wakawafundisha vijana ambao hawakuhitaji tena kuvuka bahari ili wapate shahada. Hilo ndilo lililokuwa lengo la safari tangu mwanzo. Si wote waliorudi, na si wote waliorudi waliowakumbuka wachangaji wao. Wako pia ambao cheti chao kilikuwa chema kama cha wenzao, wakakosa jibu la barua au kukosa nauli. Hao majina yao hayamo katika orodha yoyote, ingawa walijitayarisha vile vile.

Lawama kwamba wanafunzi hawakuwa tayari yapimwa basi kwa mizani miwili. Katika mambo ya baridi, ya riziki na ya ubaguzi, ni kweli hawakuwa tayari, na wakubwa waliowapeleka wangeweza kuwaeleza zaidi. Lakini katika jambo la kujua kwa nini wanakwenda, ni vigumu kupata kundi la wanafunzi lililotayarishwa kuliko wao. Walitayarishwa na kuku wa mnada, na wasia wa wazee, na shilingi ya mjane. Mwanafunzi wa leo aombaye nafasi ng'ambo hupata jibu upesi na hati zake ni rahisi kuliko zile. Walakini swali aliloulizwa yule wa mwaka 1959 katika karamu ya chai, kwamba atarudi na nini na kwa nani, halijapitwa na wakati. Watu wa pwani walikwisha kulijibu zamani kwa lugha ya chombo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.